Haiachii

Saa tatu asubuhi, Kizota. Upepo wa Agosti
umeshaanza kuhamisha uwanja wa mtu kwenda kwa jirani.
Pikapu imevutwa kwa kamba kutoka Mpunguzi,
kreti thelathini za zabibu mgongoni,
na nyuki wameifuata.

Bi Matika Chibelenje anashuka. Hasalimii.
"Haiachii," anasema.
Nusu ya kazi yangu kaimaliza kwa neno moja.

Maana klachi, kazi yake si kushika.
Kushika hata kutu inaweza.
Kazi ni kuachia, kidogo, kwa wakati,
injini izunguke peke yake
na gia ipate nafasi ya kubadili nia.

Fundi wa jana kamwambia: shusha giaboksi.
Laki mbili na themanini, bila spea.
Kaziandika kwa peni kiganjani
asije akazisahau, au asije akaziamini.

Nikazima moto. Gia ya kwanza ikaingia,
ya pili, ya tatu, rivasi: kisu kwenye ugali.
Basi giaboksi haina kesi.
Nikawasha. Rivasi ikasaga meno
mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.
Nikazima tena, nikaacha ya kwanza ndani,
nikakanyaga klachi mpaka mwisho, nikapiga stata:
gari likachomoka kama beberu aliyekata kamba.

Mpaka mwisho, nimesema.
Neno hilo lilinipita masikioni mwangu mwenyewe.

Mafuta yamefika mstarini, meusi, chai ya msibani.
Silinda ya juu kavu. Ya chini kavu.
Lameki kwenye kiti, mimi uvunguni juu ya boksi.
"Kanyaga!" Kijiti kikasogea upana wa ukucha.
Kinatakiwa kidole gumba kizima.
Hewa, nikasema. Spana namba kumi, nipeli,
kanyaga, shikilia, funga, achia,
kanyaga, shikilia,
mafuta yakatoka bila povu hata moja.
Mpira umekufa? Pedeli isingekuwa ngumu hivi.
Na zabibu zikaanza kutoa maji,
tone, tone, shingoni kwangu,
na nyuki wakashuka kuulizia.

Ni katika kumkwepa nyuki nikageuza kichwa,
nikaona sakafu imeliwa na kutu, tundu la kiganja,
na ndani ya tundu rangi ya bluu. Sufu.

Tundu lilikuwa likimlisha vumbi.
Kila kiangazi akaongeza kitu: gunia la mbolea,
kipande cha zulia kilichobaki kanisani,
gunia jingine, na juu kabisa sweta la shule
la binti aliyemaliza la saba mwaka juzi.
Vyote chini ya pedeli, vimeshindiliwa kwa kisigino.
Mwisho wa mguu wake haukuwa mwisho wa klachi.

Sasa nisikudanganye. Nililala pale muda.
Lameki hakuwa ameona.
Ningeshusha giaboksi, ningeipaka grisi, ningeipandisha,
ningeondoa matambara kimyakimya, ningeitwa bingwa.
Kodi ya banda ilikuwa ya miezi miwili.
Tone jingine likaniangukia, safari hii jichoni.

Nikatoka nikipepesa. Nikavuta sweta,
likafuata gunia, zulia, gunia, na vumbi la miaka minne.
"Kanyaga mwenyewe."
Akakanyaga. Mguu ukashuka, ukazidi kushuka,
akashtuka kama mtu aliyekosea ngazi gizani.
Rivasi ikaingia bila neno.

Hakucheka. Alikunja sweta, mikono kwanza,
akaliweka kiti cha abiria.
"Kiasi gani?"
"Elfu tano. Ya kulala chini."
Akatema mate kiganjani, akafuta ile laki mbili.

Tundu nililiziba kwa bati la debe la mafuta ya kula,
riveti nne. Hiyo sikuihesabu.
Aliniachia kreti ya chini, iliyopondeka,
akaondoka. Kwenye kona nikamsikia: ya pili, kimya,
ya tatu.

Lameki ana daftari la magonjwa.
Akaandika: *Klachi haiachii. Anza na zulia.*
Kisha akaniuliza kama riveti zina hela.